Meza Iliyonifika Mapajani

Kwa wewe unayekutana nami leo kwa mara ya kwanza, nipe mkono nikuingize ndani. Mimi ni mwoka keki. Mume wangu ni mwalimu wa hesabu. Tunaitana Baba Pacha na Mama Pacha kwa ajili ya wanetu wawili walioko chuoni. Tena mimi ni mrefu, mrefu wa kuinamia milango. Tangu shuleni jina langu ni Mnara.

Majuma yaliyopita nimesimulia jinsi mume wangu, mtu asiyejua hata sukari yetu inakaa kopo gani, alivyoamka asubuhi moja na kusema jiko livunjwe, lijengwe upya, na ramani atachora yeye. Nilifurahi kama mjinga. Kisha nikasafiri na keki ya harusi, na niliporudi nikakuta meza ya kufanyia kazi imenifika mapajani. Chini yake hakuna kabati, ni uwazi mtupu. Swichi zimeshushwa. Mlango umepanuliwa na kizingiti kimeng'olewa.

"Ndiyo mitindo ya siku hizi," aliniambia, macho ameyaelekeza dirishani.

Mtindo gani huo wa kumkunja mke wako kama kisu cha mfukoni? Mwanamume hajengi meza fupi kwa ajili ya mke mrefu. Hujenga kwa ajili ya mwanamke mfupi. Na mwanamke mfupi nilikuwa naye kichwani tayari.

Ni karani wa shule yake. Walimu wenzake humwita Kidoti, maana akikaa nyuma ya meza yake ya ofisini unaona nywele tu. Jirani yangu mmoja aliwaona yeye na mume wangu kwenye duka la vigae, wameinamia sampuli, wanacheka.

Nilipowaachia mara ya mwisho nilikuwa nimeshika simu. Mkaniuliza nilimpigia nani.

Sikumpigia mtu. Niliwaandikia wote.

Mtaani kwetu wenye nyumba tuna kundi letu kwenye simu. Ukimaliza kukarabati jiko unawaita wenzako, wanakuja kulitazama, unawaeleza kwa nini umechagua hiki ukaacha kile. Wanakusifia mbele ya uso wako na kukusema njiani wakirudi. Ndiyo burudani yetu. Wengine huenda mpirani.

"Jumamosi mchana karibuni kwangu," niliandika. "Baba Pacha mwenyewe atawaeleza alivyochagua."

Kisha nikamwalika na Kidoti, kwa maneno matamu kama krimu ya keki.

Aliyejua nia yangu alikuwa mtu mmoja tu, mdogo wangu wa kike, wa tumbo moja. Ni mshonaji, anakaa jirani, na tangu mguu wangu wa kushoto uanze kufa ganzi yeye ndiye aliyekuwa tegemeo langu. Ndiye aliyenipeleka hospitali nikapigwa picha ya mgongo kwenye ile mashine ya kelele. Ndiye aliyenifuatia majibu, siku niliyokuwa nimebanwa na oda, akarudi akaniambia ni mshipa tu umebanwa, nipunguze kusimama.

"Dada, usifanye hivyo," alinisihi. "Hujui unachokivuruga."

"Ninajua sana."

"Hujui."

"Basi niambie wewe unayejua."

Akauinamia uzi, akaukata kwa meno. Nilidhani ananionea aibu.

Jumamosi walikuja. Wa kwanza alikuwa Mama Graniti, ambaye hata hajasalimia mkono ulikwishafika juu ya meza, anapapasa.

"Umekwepa nyeusi, mwenzangu? Umefanya vizuri! Mimi graniti yangu nyeusi imenigeuza mtumwa. Kila kidole kinaonekana. Mume wangu akigusa tu, mimi huyo nyuma yake na kitambaa."

"Hilo kosa la rangi," alisema Bwana Rafu, mstaafu mmoja wa nyumba ya pili. "Mimi kosa langu ni milango. Niling'oa milango yote ya makabati nikaweka rafu wazi, nikasema nataka vyombo vyangu vionekane."

"Na vumbi lako pia linaonekana," Mama Graniti alimjibu, watu wakacheka.

Mwingine alitamba na meza yake ya katikati ya jiko, nzuri kama ya gazetini, ila kila anayepita anajigonga kiuno. Mwingine alikuwa ameweka sinki mbili na mpaka leo anaosha kwenye moja. Mama wa Kona, mjane asiye na maneno mengi, alisimama karibu na mlango, anautazama upana wake, anautazama tena.

Kidoti alikuja na zawadi. Vitambaa vya mezani, amevikunja kwenye karatasi ya maua.

"Shikamoo, dada. Hongera sana. Jiko limependeza."

"Marahaba, mdogo wangu. Wewe ndiye wa kupewa hongera."

Hakuelewa. Alitabasamu tu.

Baba Pacha aliingia akiwa amevaa shati lake la mkutano wa wazazi. Alikuwa na haya, lakini alipoanza kueleza sauti yake ikapata nguvu. Akaonyesha vigae vya sakafu, vyenye mkwaruzo kidogo, visivyoteleza hata maji yakimwagika. Akaonyesha sinki isiyo na kina kirefu. Bomba amelitoa nyuma akaliweka pembeni, ili mtu asinyooshe mkono mbali. Oveni haifunguki kwa kushuka chini tena, mlango wake unafunguka kando kama wa kabati.

"Na droo hizi ukizisukuma zinajifunga zenyewe," alisema, akaisukuma moja. Wote tukaitazama ikienda taratibu, ikajifunga bila sauti.

Kwa kweli lilikuwa jiko la mtu aliyefikiriwa. Hilo ndilo lililonichoma. Miaka yote ya ndoa yetu nimetamani kufikiriwa hivyo.

"Mwalimu," Mama Graniti aliuliza, "mbona meza fupi namna hii? Mkeo si mlingoti?"

Watu wakaangua kicheko. Mume wangu alivua miwani akaanza kuifuta na ncha ya shati.

"Swali zuri sana hilo," nikasema. "Kidoti, hebu sogea hapa."

Akasogea.

"Simama hapa mbele ya meza. Weka mikono kama unakata vitunguu."

Akaweka. Viwiko vikatua pale pale panapotakiwa.

"Jamani, tazameni wenyewe," nikasema. "Imemkaa kama nguo aliyopimiwa na fundi."

Kicheko kikakatika.

"Mama Pacha," mume wangu alisema polepole.

"Usiniite! Waambie majirani wakusikie. Waambie nilipokuwa nabeba keki kwenye magari ya watu wewe ulikuwa duka la vigae na huyu. Waambie mimi nitahamia wapi jiko likikauka rangi. Au nitabaki niwapikie wote wawili, nimepiga magoti?"

Kidoti aliondoa mikono mezani kana kwamba imemchoma.

"Dada, mimi Mwalimu aliniomba nimchagulie rangi tu! Alisema yeye rangi hazijui. Alisema anataka jiko lichangamke, lisije likafanana na hospitali."

"Hospitali utalala wewe leo."

Ndiyo, nilisema hivyo. Mbele ya watu, kwa msichana aliyenitolea shikamoo. Alichukua mkoba wake, machozi yanamtiririka, akapita katikati ya wenye nyumba waliokuwa wamejibanza ukutani. Mlangoni akageuka.

"Mungu anakuona, dada," alisema, akaenda zake.

"Umemwonea mtu wa watu," Baba Pacha alisema.

"Basi sema meza ni ya nani!"

Alisimama tu, ameshika miwani, na macho yake bila miwani yalikuwa ya mtu ninayemjua kidogo tu.

Hapo ndipo nilipomsikia Mama wa Kona. Alikuwa amechuchumaa mbele ya sinki, mkono wake umeingia chini.

"Mwalimu," aliuliza, "hili bomba la maji ya moto umelivika sponji?"

"Ndiyo."

"Nani alikufundisha?"

"Nilisoma mahali."

Mjane yule akainuka, amejishika magoti. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama Pacha, yule binti kamfuate ukamwombe radhi. Meza hii haikupimwa kwa mtu mfupi."

"Imepimwa kwa nani?"

"Kwa mtu aliyekaa." Alipapasa ukingo wa meza. "Sisi tulilivunja jiko letu marehemu mume wangu alipoingia kwenye kiti cha magurudumu. Magoti yanaingia hapa chini, ndiyo maana hakuna kabati. Mlango unapanuliwa kiti kipite. Na bomba lile tulilivika sponji baada ya yeye kuungua. Miguu isiyohisi huungua bila habari. Sisi tulijua kwa harufu."

Nikageuka kumtazama mume wangu. Nikafikiri ni mama yake, lakini mama yake alikufa zamani. Nikafikiri ni shangazi fulani nisiyemjua.

"Nani anakuja kukaa hapa kwenye kiti cha magurudumu?" niliuliza.

Niliona kwamba watu wote, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wanatazama chini. Walikuwa wanaitazama miguu yangu.

Nami nikatazama. Mguu wa kulia ulikuwa na ndala. Mguu wa kushoto ulikuwa mtupu. Ndala yake ilikuwa imebaki kule mlangoni nilipowapokea wageni. Nilikuwa nimezunguka jiko zima, nimegawa juisi, nimemtukana mtoto wa watu, na mguu haukuniambia kitu.

Nikakumbuka lile jeraha la moto kwenye muundi wa mguu huo, ambalo nililigundua wakati wa kuoga na sikujua nimelipata wapi.

Nyuma ya watu mdogo wangu, aliyekuwa ameingia pamoja na wageni, alianza kulia. Alilia kama anayelia msibani, amejifunika uso kwa mikono miwili.

"Wewe ulijua," nikamwambia.

Akazidi kulia.

"Na wewe," nikamwambia mume wangu.

"Mke wangu," alisema, "nilitaka siku hiyo ikifika ukute kila kitu tayari."

Sikumbuki wageni walivyotoka. Nakumbuka Mama Graniti alivyonishika bega bila neno, yeye ambaye maneno hayajawahi kumwishia. Nakumbuka pia aibu. Mtaa mzima ulikuwa umekuja kutazama vigae, ukanisomea mwili wangu kabla sijausoma mwenyewe.

Jumapili nilijifungia chumbani. Baba Pacha aliniwekea chai mlangoni, ikapoa, akaiondoa, akaleta nyingine. Mdogo wangu alipiga simu mpaka nikaizima.

Jumatatu nikaenda hospitali peke yangu.

Daktari alikuwa mtu mzima, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Aliniangalia nikitembea kutoka mlangoni hadi kwenye kiti, na sikuipenda jinsi alivyoniangalia.

"Nilikutegemea siku nyingi, mama," alisema.

"Niambie kila kitu. Usinifiche."

Akaniambia. Uti wangu wa mgongo una uvimbe. Si saratani. Unakua polepole, unaibana mishipa ya fahamu inayopeleka habari miguuni. Ndiyo maana miguu inasahau. Ukiachwa utaendelea kubana mpaka miguu inyamaze kabisa.

"Na dawa yake?"

Akateremsha miwani machoni, akanitazama kwa mshangao.

"Dawa yake ni upasuaji, mama. Si wewe ndiye uliyekataa?"

"Nilikataa nini?"

"Upasuaji. Nilieleza kwa kirefu, nikatoa na nafasi. Nikaletewa jibu na watu wa nyumbani kwako kwamba mgonjwa amekataa katakata, hataki hata kusikia habari ya kisu. Siwezi kumfunga mtu kamba nikampasua."

Nikashika ukingo wa meza yake.

"Daktari, mimi sijawahi kuulizwa."

Alilifungua faili langu, akalisoma upya. Nje mtu alikuwa anakohoa kwenye benchi, anakohoa na kukohoa.

"Bado inawezekana?" niliuliza.

"Inawezekana. Lakini nitakuwa mkweli. Ungekuja mwanzo ningekuambia karibu kwa uhakika kwamba utatembea. Sasa siwezi kusema hivyo. Na tukizidi kungoja, vinavyopotea sitaweza kukurudishia. Upasuaji wa mgongo una hatari zake, siwezi kukuficha hilo. Keshokutwa nafasi imepatikana, mgonjwa mwingine ameahirisha. Ukitaka, ingia wodini kesho jioni. Fikiri, muuguzi wangu atakupigia."

Nilirudi nyumbani na maneno yangu nimeyapanga kama matofali, tayari kumrushia mtu.

Baba Pacha hakwenda shule siku ile. Nilimkuta jikoni, ameshika bisibisi, anakaza kishikio cha droo ambacho hakikuwa kimelegea.

"Umeninyima miguu," nikamwambia, "ukanipa meza."

"Mama Pacha..."

"Usiseme kitu! Umekwenda kumwambia daktari nimekataa kupasuliwa. Mimi! Umeona heri nikae kwenye kiti maisha yangu yote kuliko kuniuliza swali moja. Ulikuwa unaogopa nini? Kulala peke yako? Ungeoa! Wanawake wafupi wamejaa!"

Bisibisi ilishuka taratibu mpaka ikagusa meza.

"Upasuaji gani?" aliuliza.

"Usijifanye."

"Mke wangu, upasuaji gani?"

Nimeishi na mtu huyu tangu sote tuko na meno yote. Ninaujua uongo wake: husugua sikio. Hakusugua sikio. Alinitazama tu, midomo imemkauka.

"Mdogo wako alinifuata shuleni," alisema. "Akaniambia majibu yametoka na hakuna tiba. Kwamba miguu itaondoka kidogo kidogo na haitarudi. Akaniambia nisikwambie, utakata tamaa ungali unatembea. Nikamwambia nataka kumwona daktari mwenyewe. Akasema amekwishaongea naye yote, nikienda mimi nitachelewa kurudi na wewe utashtuka."

"Ukakubali hivyo hivyo?"

"Nikakubali."

Alikaa chini, pale pale sakafuni, kwenye vile vigae visivyoteleza, mgongo ameuegemeza ukutani.

"Mimi huwanyima alama wanafunzi wasioonyesha njia," alisema. "Wakiniletea jibu tupu nawakata. Hili nikalipokea jibu tupu, nikaenda kununua mbao."

Akalia. Sijawahi kumwona analia, hata alipomzika mama yake. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga, na kwa kuwa sikujua kuchagua sikufanya lolote. Nikachukua mtandio wangu.

"Unakwenda wapi?"

"Unajua ninakokwenda."

"Ngoja nije."

"Njoo basi. Maana peke yangu leo naweza kuua."

Mdogo wangu alikuwa kwenye cherehani yake, anashona sare za shule. Alituona tukiingia wote wawili, akatoa mguu kwenye kanyagio. Gurudumu likazunguka kidogo, likasimama. Hakujisumbua kuuliza tumekuja kwa nini.

"Ulimwambia daktari nimekataa," nikasema.

"Ndiyo, dada."

Hivyo tu. Bila kupepesa jicho. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, kwa viapo, kwa kupiga magoti. Ule ukweli mkavu ukanitoa pumzi.

"Ukamwambia mume wangu hakuna tiba."

"Ndiyo."

"Kwa nini? Nimekukosea nini? Nilikusomesha ushonaji mimi. Cherehani hiyo unayoikalia nilikununulia mimi. Ulikuwa unataka nini kwangu? Nyumba? Huyu?" Nikamwonyesha Baba Pacha kwa kidole, maskini, kama ninayeonyesha mbuzi sokoni.

"Dada, kaa."

"Sikai! Nimechoka kukalishwa!"

Akainuka yeye. Alikwenda kufunga mlango wa duka lake, akageuza kibao, akarudi akasimama mbele yangu.

"Mama alikufa na nini?" aliniuliza.

"Mama ameingiaje hapa?"

"Alikufa na nini, dada?"

"Homa ya mapafu. Si ninyi mlionipigia? Nilikuwa nimetoka kujifungua, pacha wachanga, sikuweza kusafiri. Nilimzika kwa simu."

Alitikisa kichwa.

"Hivyo ndivyo tulivyokubaliana kukuambia."

"Mlikubaliana nani?"

"Mimi, baba, na mjomba. Baba alisema una watoto wachanga, ukijua maziwa yatakatika. Akasema tutakuambia baadaye. Baadaye akafa yeye. Mjomba naye akafa. Nikabaki nalo peke yangu, sikujua nilianzie wapi."

Baba Pacha alinishika kiwiko. Nikamwacha anishike.

"Mama alianza na ganzi," mdogo wangu alisema. "Mguu wa kushoto, kama wewe. Ndala zikawa zinamtoka njiani, sisi tunamcheka. Akapigwa picha, akaambiwa ni uvimbe, si saratani, apasuliwe atapona. Alifurahi. Alikwenda kwa miguu yake mwenyewe mpaka kwenye mlango wa chumba cha upasuaji. Akavua hereni zake akanipa nimshikie. Akaniambia, usiende mbali, natoka sasa hivi."

Alikuwa halii tena. Ilionekana hili alikwishalililia lote.

"Hakutoka, dada. Nilikaa kwenye benchi na hereni mkononi mpaka zikanichoma kiganja. Daktari aliyekuja kunipa pole alikuwa kijana bado. Aliniambia damu ilikataa kusimama." Akakigeuza kiganja chake, akakitazama. "Siku nilipokufuatia majibu yako, nilifungua mlango nikamkuta yeye. Nywele zimeota mvi, lakini ni yeye. Hakunikumbuka. Akaniambia maneno yale yale: ni uvimbe, si saratani, apasuliwe atapona. Niliporudi kumpa jibu, nikajikuta nimesema umekataa. Sikupanga. Mdomo ulisema wenyewe."

"Ungeniambia," nikasema.

"Ungekwenda. Nakujua. Wewe na mama hamna tofauti. Nami nilisema heri dada awe amekaa nimwone kila siku, kuliko nishike hereni nyingine."

Hapo nilikaa. Nilikaa juu ya rundo la sare za shule, na hata kama ningetaka kuendelea kusimama miguu isingekubali. Nilitaka kumchukia mtoto yule. Nimekuwa na hasira majuma haya yote, nimezigawa kwa kila mtu, na aliyestahili kuzipokea alikuwa amesimama mbele yangu, na zilikuwa hazitoki. Uchungu ulinijaa mpaka mdomoni. Mama yangu nilizikiwa kwa uongo. Mgongo wangu nilijibiwa na mwingine. Hata jiko langu nililikuta limejengwa kwa mtu ambaye sijakubali kuwa.

Simu yangu ikalia.

Niliitazama. Namba siijui. Nikaipokea, na kwa kuwa chumba kilikuwa kimya kila mtu aliisikia sauti ya muuguzi.

"Mama wa uvimbe wa mgongo? Daktari ananiambia nikuulize. Kitanda kipo. Nikiandike jina lako kesho jioni, au nimpe mwingine? Yuko hapa anasubiri."

Mdogo wangu alishuka akapiga magoti mbele yangu, akaishika miguu yangu yote miwili. Mmoja ulimhisi. Mwingine haukumhisi.

"Mwambie umekataa," alininong'oneza. "Safari hii mwambie wewe mwenyewe, dada. Nakuomba."

"Mwambie unakuja," alisema Baba Pacha nyuma yangu. Kisha akasita, nikamsikia akivuta pumzi. "Hapana. Sijui. Mke wangu, mimi sijui tena."

"Haloo?" muuguzi alisema. "Mama, unanisikia?"

Nilikuwa namsikia. Na kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze watu wote walikuwa kimya, wakinisubiri mimi niseme.

Nikafungua mdomo.